Kichwa Kikifika Nusu, Saksafoni Huanza

Saa nne asubuhi Keroka imeshachangamka, na kichwa cha Sharon Mokeira kimefika nusu. Upande wa kushoto mistari imelala vizuri kuelekea kisogoni. Upande wa kulia nywele zimesimama wima kana kwamba zimeona nyoka.

Hapo ndipo Persis Nyangate anapojifuta mafuta mikononi, anaunyoosha mkono kwenye rafu ya dawa za nywele na kubonyeza kidude cha redio ndogo iliyochomekwa flashi.

Kwanza hakuna kitu. Halafu mvua inasikika juu ya mabati. Halafu mtu anavuta pumzi, na saksafoni inatoa sauti nzito ya kukwaruza, inayopanda, inakatika, inashuka tena bila kumwambia mtu inakoelekea. Hakuna ngoma. Hakuna gitaa. Hakuna hata mahali pa kupiga kofi.

"Aki Mama Ombui," Sharon anasema, "hii spika imekufa ama flashi iko na virusi?"

"Haijakufa. Usitingishe kichwa."

"Sasa huyu analilia nini?"

"Ngoja nifike hapa nyuma ya sikio, utajua," Persis anamjibu, na kitana kinarudi kazini.

Sharon ana miaka ishirini na miwili na anauza laini za simu hatua chache kutoka hapa. Anautazama mlango. Anajitazama kwenye kioo. Anatulia, maana hakuna msichana wa Keroka atakayetoka barabarani na nusu kichwa.

Ndiyo mbinu yenyewe, na Persis haoni haya kuikiri. "Mteja kama hajaanza kusukwa, nikiweka hii kitu ataenda kwa jirani. Akishamaliza, anaenda zake nyumbani. Lakini kama iko nusu, ataenda wapi?" Anacheka mpaka anashikilia kiti cha mteja.

Persis ana umri wa miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akiwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu. Chumba chake kimebanwa kati ya duka la dawa za mifugo na la muuza misumari, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kericho. Kina viti viwili, benchi, mashine moja ya kukaushia nywele, na pazia la kijani pembeni kwa ajili ya wateja Waislamu wasiotaka kufunua vichwa mbele ya kila mpita njia.

Mistari ya kawaida ni shilingi mia tatu, rasta ni elfu moja. Siku nzuri humwachia elfu moja na mia tano. Siku mbaya hurudi nyumbani na maumivu ya mgongo tu.

Kazi hiyo peke yake ingemtosha mtu mwenye watoto watatu. Lakini tangu Oktoba mwaka jana amejitwika nyingine isiyomlipa hata senti: kuwasikilizisha wateja kanda za mzee Onyiego Machogu, mkulima wa chai wa karibu na Sironga, kaunti ya Nyamira. Kwa zaidi ya miaka thelathini mzee huyo alipiga na kurekodi saksafoni yake nyumbani, peke yake, na hakumuuzia mtu kanda hata moja.

Anachokipiga huitwa jazi huru. Mpigaji hafungwi na mdundo wala wimbo uliokubaliwa, bali huifuata pumzi yake inakompeleka. Ila Persis halitaji neno hilo tena, kwa sababu liliwahi kumponza.

Huku kwetu jazi ni magitaa. Ni bendi, ni vumbi la kucheza. Persis alipomwambia mteja wake wa kwanza kwamba anamwekea jazi, mama wa watu alianza kutikisa mabega hata kabla ya sauti kutoka. Ilipotoka, mabega yalibaki hewani. "Aliniuliza kama gitaa liliibiwa," Persis anakumbuka. Tangu siku hiyo husema tu: msikilize mzee.

Kanisani nako maneno hayakukosekana. Persis ni Msabato, huimba sauti ya pili katika kwaya, na Osoro, mwalimu wa kwaya, alimuuliza kwa upole kama muziki huo si wa kidunia. "Nikamwambia, mwalimu, hii hata shetani hawezi kuicheza," anasema. Osoro alicheka, na habari ikaishia hapo.

Kanda zenyewe hakuzitafuta. Zilimjia kupitia nywele. Miaka minne iliyopita Nyamusi, mkewe Onyiego, aliugua na kushindwa kutoka nyumbani, na kila baada ya wiki mbili Persis alikwenda Sironga kumsuka kitandani. Mgonjwa alikuwa na sharti moja: redio ya kaseti iwekwe karibu na mto, na kanda za mumewe zilie.

"Mara ya kwanza nilifikiri ni adhabu," Persis anasema. "Nikasema kwa roho, huyu mama ni mgonjwa na bado anapigiwa kelele. Mara ya pili nikazoea. Mara ya tatu nilikuwa nimeshika nywele yake hivi, nikasikia mzee anapuliza kama mtu anaita mtoto kule mtoni na mtoto haitiki. Nikaacha kusuka. Nyamusi akaniambia, 'Umefika. Karibu.'"

Nyamusi alifariki mwaka mmoja baadaye. Wiki moja baada ya mazishi Onyiego aliitia saksafoni ndani ya gunia, akaiweka kwenye stoo ya mbolea, kisha akamkabidhi Persis kanda zote tisa ndani ya mfuko wa unga.

"'Kaa nazo,' aliniambia. 'Aliyekuwa akinisikiliza ameenda. Sasa nimpigie nani, ng'ombe?'"

Fundi mmoja wa redio mjini Kisii alizihamishia kanda hizo kwenye flashi. Alitaka pia kuondoa sauti ya mvua, ya kuku, na ile ya Nyamusi akisema kwa Ekegusii kwamba chakula kimepoa. Persis alikataa katakata. Alimwambia akiondoa kuku, aondoe na mzee.

Kwa miaka miwili alizisikiliza peke yake, akipika. Kisha Septemba iliyopita akamsindikiza Onyiego kwa daktari. Mzee ana miaka sabini na saba. Waliambiwa kwamba sikio la kushoto limeshakwenda, na la kulia linafuata. Huenda lisiumalize mwaka ujao.

Walipofika kwenye migomba yake ndipo akamwambia Persis, "Basi sasa hata nikipiga, hakuna atakayesikia, mimi mwenyewe nikiwemo."

Persis anakifunga kifundo cha uzi kwenye nywele za Sharon, anakikata kwa meno. "Iliniuma sana," anasema. "Huyu mtu amepuliza maisha yake yote na akasikilizwa na mtu mmoja. Nikasema, kabla hiyo sikio ifungwe, lazima asikie kuna mwingine."

Kwa hiyo akaanza na vichwa. Kwa hesabu yake, tangu Oktoba amewawekea wateja zaidi ya mia mbili. Wengi walivumilia. Mmoja alilala. Mwingine aliomba apunguziwe bei kwa ajili ya usumbufu, na akapunguziwa. Walioomba kurudishiwa wasikie tena ni kumi na mmoja.

Amejifunza kupima. Kanda ya tatu, yenye ukali, haifai kwa mtu anayechanwa, kwa kuwa maumivu yanakuwa mawili. Ile ya mvua inakwenda vizuri na mistari ya nyuma ya sikio, mahali ambapo mteja ameinamisha kichwa na hana pa kutazama. Wazee nao, wale wachache wanaokuja kunyolewa ndevu, hawahitaji kubembelezwa. Wakisikia ule mkwaruzo wa chini husema ni obokano, kinubi kikubwa cha Wagusii, limepewa mdomo.

Onyiego mwenyewe anakubali kwamba obokano alilikuta nyumbani na saksafoni akaikuta kazini. Alipiga katika bendi ya hoteli moja jijini Nairobi kwa miaka kumi na mmoja, nyimbo za watu kucheza. Jumamosi moja umeme ulikatika, magitaa yakanyamaza, naye akaendelea. Umeme uliporudi, bendi ikarudi kwenye wimbo. Yeye hakurudi.

"Mwenye hoteli aliniita ofisini," mzee anasimulia kwa Kiswahili kilichonyooka, huku amekugeuzia sikio la kulia. "Akasema, kama unataka kulia, nenda ukalie kwenu. Nikaja kulia kwetu."

Kanda ile ya mvua, ya kwanza aliyoirekodi baada ya kurudi, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na tisa, ina dakika ishirini na tatu. Juu yake ameandika kwa kalamu neno moja: BABA.

Neno hilo ndilo lililoleta kizaazaa.

Mwezi wa Mei aliingia saluni Anisa Sadiq, mwenye duka la vitambaa hapa Keroka. Anisa ana miaka thelathini na minane, alizaliwa Kisii mjini katika nyumba ya Waislamu wanaozungumza Kiswahili, na Ekegusii anachokijua ni cha kuuzia vitambaa. Aliketi nyuma ya pazia. Alipofika nusu, Persis akaweka kanda hiyo.

"Sikutaka muziki siku hiyo," Anisa anasema. "Nilikuwa nimechoka. Lakini huyu mtu akaanza kama anayetafuta kitu gizani, anagusa, anaacha. Nikamuuliza dada Persis, hii inaitwaje? Akaniambia, inaitwa Baba."

Sadiq, babake Anisa, alikuwa amefariki mwezi wa Februari. Anisa ndiye aliyempanguza uso mpaka mwisho, na hakuwa amelia hata mara moja, maana duka lilikuwa wazi na wadogo zake walikuwa wakimtegemea yeye.

Persis hakuona machozi. Aliyasikia mikononi. Kichwa kilianza kutetemeka chini ya vidole vyake, kidogo kidogo, na yeye akaendelea kusuka polepole zaidi ili kazi isiishe kabla ya kanda. Ilipokwisha, Anisa aliuliza kutoka nyuma ya pazia, "Huyu mzee alimzika lini babake?"

Mtu yeyote aliyenyonya maziwa ya Gusii anajua tatizo lilipo. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Baba wa Waswahili huitwa tata. Onyiego alikuwa amemlilia mama yake mzazi, aliyefariki wakati yeye yuko safarini Mombasa na bendi. Barua ilichelewa, na alipofika alilikuta kaburi limeshaota nyasi.

"Nilifungua mdomo nimwambie, ukakataa," Persis anasema. "Niliona nikimwambia hii ni ya mama, nitakuwa nimemnyang'anya machozi yake. Nikasema tu, kitambo. Alimzika kitambo."

Siku iliyofuata Anisa alirudi. Nywele zake zilikuwa mpya kabisa, hazina hata uzi uliolegea. Alikaa kwenye benchi na kusema amekuja kumsikiliza mzee. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia mle ndani kwa ajili ya saksafoni tu, na Persis anakiri kwamba ilibidi aende nje kidogo ajifanye anamwaga maji.

Jumapili moja ya Juni wakaenda Sironga. Usiku wote wa kuamkia siku hiyo Persis aligaagaa kitandani, kwa sababu ya lile neno. Alipanga kumwambia Anisa ukweli njiani. Njia ikaisha.

Onyiego aliwapokea kwa chai na ndizi za kuchemsha. Anisa aliketi upande wake wa kulia, akamwamkia, akamkabidhi mfuko wa maandazi ya iliki. Kisha akainamia sikio na kusema kwa sauti kubwa, "Mzee, nimekuja kukupa pole ya baba."

"Baba yupi?"

"Baba yako. Uliyempigia."

Mzee alikunja uso. "Tata alikufa sijaota meno. Hata sura simjui."

Persis alikuwa anatazama viatu vyake. Onyiego alimtazama Persis, akamtazama mgeni, akaelewa kabla ya kuambiwa. Akamweleza Anisa neno lile mwenyewe, polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Anisa alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze," Anisa anasema. "Mwezi mzima ninamlilia babangu kwenye msiba wa mama wa mwenyewe."

Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka chai ikamwagika. Halafu akakiweka kikombe chini na kumuuliza Anisa:

"Ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Mara nne."

"Mwishoni kuna nini?"

Anisa hakufikiri. "Pumzi inaisha," alimwambia, "lakini vidole bado vinacheza. Hupulizi tena. Vile vifuniko vya saksafoni vinagonga tu, tap, tap, kama vile wimbo bado unaendelea mahali."

Persis hakuwahi kuvisikia. Ameicheza kanda hiyo mamia ya mara, mkono mmoja ukishika kitana, na kila mara alidhani ni kelele ya kaseti ikiishia. Anasema hilo bila kujitetea.

Macho ya Onyiego yalikuwa yamejaa machozi. "Nilishindwa kupuliza," alisema. "Kilio kilinishika koo. Vidole havikujua. Nyamusi ndiye pekee aliyewahi kuvisikia vidole, na si mimi niliyemwonyesha." Akamgusa Anisa begani. "Kama ulivisikia, basi aliyekuwa mle ni babako. Nakuachia."

Kisha aliinuka, akaenda kwenye stoo, akarudi na gunia.

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba aliipiga pale pale. Haikuwezekana. Ngozi za chini ya vifuniko zilikuwa zimeliwa na wadudu, na ule ulimi wa mwanzi unaowekwa mdomoni ulikuwa umepasuka katikati. Alipopuliza, ilitoka hewa na harufu ya mbolea. Alijaribu tena, uso ukamwiva, ikatoka hewa. Persis anasema hajawahi kuona mtu mzima akionekana mdogo kiasi kile.

Lakini hakuirudisha stoo. Siku ya pili yake Anisa alimtafuta fundi wa vyombo vya bendi Kisumu, na saksafoni ikapelekwa ikiwa imefungwa kwa kitenge kutoka dukani mwake. Fundi aliomba wiki tano. Katika wiki hizo sikio la kulia limezidi kurudi nyuma. Mzee sasa hawasikii ndege, na mtu akitaka kuzungumza naye lazima amsogelee kama anayemnong'oneza, isipokuwa anapiga kelele.

Ni shindano na sikio hilo, na Persis analijua. Saksafoni imerudi Jumanne iliyopita. Watu wamealikwa kumsikiliza mzee akipiga, Jumapili ya pili ya Agosti, chini ya mabati yale yale ya Sironga: wale kumi na mmoja walioomba kurudishiwa, na Sharon, ambaye leo amefika mstari wa mwisho na hajagusa simu yake kwa dakika ishirini.

"Mama Ombui, rudisha pale amenyamaza," Sharon anasema. "Kuna kitu kinagonga ama ni mimi?"

"Ni vidole," Persis anamwambia, na anairudisha.

Kuhusu Jumapili hiyo ana msimamo mmoja. Wote atawasuka Alhamisi na Ijumaa, wamalize kabisa, asiwepo hata mmoja mwenye sababu ya kukaa. "Nataka kila mtu akuwe huru kuondoka," anasema. "Halafu tata aone wamekaa."

Na kama sikio litakuwa limefungwa? Persis anasema mzee mwenyewe ameshalifikiria hilo, akamwambia kwamba atawatazama nyuso, kwa kuwa miaka yote ametazama migomba. Persis hataki kusikia habari za nyuso. Anataka mzee asikie.

Simu yake inalia kwenye rafu. Ni Onyiego. Siku hizi mzee hupiga mara mbili kwa siku, huzungumza peke yake na kukata, kwa sababu majibu hayamfikii. Persis anaiweka kwenye spika ili mikono iendelee na kazi.

"Leo nimepata sauti tatu," mzee anasema kutoka Sironga. "Mbili mbaya. Moja nzuri." Anakohoa. "Persis. Hao watu. Watakuja kweli?"

"Watakuja, tata!"

"Eeh?"

"Nimesema watakuja!"

"Sikusikii, mama."

Persis anaacha kitana. Anaisogeza simu karibu na uso, anavuta pumzi, lakini Sharon anamtangulia. "Tunakuja, mzee!" Wanawake wawili walioko kwenye benchi, ambao wanangoja zamu zao, wanainua vichwa na kuitikia pia. Pazia la kijani linafunguka kidogo, na Anisa, anayengoja zamu yake huko nyuma, nywele zikiwa wazi, anatoa uso na kupaza sauti kuliko wote. Wanarudia pamoja, wote watano, kwa nguvu kiasi kwamba muuza misumari anachungulia mlangoni.

"Tunakuja!"

Mvua ya kwenye flashi inaendelea kunyesha.

"Nimesikia," Onyiego anasema.